Kisiwa ambacho barabara huamriwa na moto na barafu

IKIWA wewe ni mmoja wa wale ambao likizo ikifika huwaza Mombasa, Malindi au kwa nyanya mashambani, leo twakualika uende mbali kidogo, tena ukiwa umeshika usukani wewe mwenyewe. Twaenda Iceland, kisiwa kilicho kaskazini kabisa mwa bahari ya Atlantiki, pale ambapo mwezi wa Juni jua halitui vya kutosha kuleta giza, na mwezi wa Desemba mchana wa mji mkuu huwa wa saa nne tu.

Usitishwe na jina lake linalomaanisha nchi ya barafu. Barafu ipo, lakini chini yake kuna moto, na viwili hivyo vinapokutana, barabara ndiyo huumia kwanza. Dereva anayekwenda huko akidhani kwamba lami ni lami tu popote duniani, ardhi yenyewe humfunza adabu.

Nchi ni ndogo. Ukubwa wake ni kilomita mraba 103,000 hivi, kwa hivyo Kenya yaweza kuimeza zaidi ya mara tano. Wakazi ni takriban laki nne, na zaidi ya nusu yao wanaishi katika mji mkuu, Reykjavík, na vitongoji vyake. Kwingineko ni milima, mashamba ya kondoo, mito na uwanda mtupu wa mawe meusi.

Barabara kuu, ambayo hupewa nambari 1, hukizunguka kisiwa chote kama mkanda kiunoni. Urefu wake ni kilomita 1,322. Ni kama kutoka Nairobi hadi Mombasa, kurudi Nairobi, kisha kushika tena njia ya Mombasa hadi uipite Voi kidogo. Wako wanaojigamba kwamba waliimaliza kwa siku tano. Hao waliona lami, hawakuiona nchi. Tenga siku kumi, na ikiwa una watoto garini ongeza mbili.

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi. Utabadilisha katika mojawapo ya miji mikuu ya Ulaya, na viza utakayohitaji ni ile ya Schengen. Leseni yako ya Kenya ibebe, na pamoja nayo chukua kibali cha kimataifa cha kuendeshea magari, maana wenye magari ya kukodi hupenda kukiona. Vile vile, wengi wao hawamkodishii mtu ambaye hajatimiza miaka 20, kwa hivyo nyinyi wanafunzi mliomaliza shule juzi mtakaa kiti cha nyuma.

Hapa kwetu twaendesha upande wa kushoto. Kule ni kulia. Wenyeji wenyewe walikuwa wa kushoto kama sisi hadi Mei 26, 1968, siku ambayo nchi nzima ilihamia upande wa pili. Ikiwa taifa zima liliweza kwa siku moja, nawe utaweza, lakini jizoeze polepole asubuhi ya kwanza, hasa unapotoka kwenye kituo cha petroli, kwani hapo ndipo mkono husahau.

Nje ya miji mwendo wa juu kabisa ni kilomita 90 kwa saa kwenye lami na 80 kwenye changarawe. Taa za gari huwashwa mchana na usiku. Hakuna matatu ya kukukimbiza wala utingo wa kukupigia kelele, ila kuna kondoo. Majira ya joto kondoo huachiliwa wajilishe watakako, na pamoja na wanakondoo wao huwashinda watu kwa idadi. Ukimwona mama upande mmoja na mtoto upande wa pili, simamisha gari. Mtoto atavuka, tena wakati mbaya kabisa.

Jifunze maneno matatu ya Kiiceland kabla hujaondoka. La kwanza ni 'einbreið brú', yaani daraja la gari moja. Anayefika kwanza ndiye avukaye kwanza, na mwingine husubiri bila kupiga honi. La pili ni 'blindhæð', mwinuko ambao huwezi kuona kinachokuja upande wa pili. La tatu ndilo kubwa: 'lokað', imefungwa. Ukikuta neno hilo barabarani, geuza gari. Usiseme utajaribu kidogo uone. Lugha yenyewe haipaswi kukutisha, kwani herufi ð hutamkwa kama dh katika 'dhahabu', na Þ kama th katika 'themanini'. Mkenya aliyesoma Kiswahili vizuri ataitamka Þingvellir kuliko watalii wengi wa Ulaya.

Na Þingvellir ndiko kwa kuanzia, mwendo wa chini ya saa moja kutoka Reykjavík. Hapo utatembea ndani ya ufa. Upande mmoja ni ukuta wa mwamba ulio katika bamba la Amerika, na mbali ng'ambo ya bonde ni bamba la Ulaya na Asia, na mabamba hayo yanaachana kwa takriban sentimita mbili kila mwaka. Msomaji aliyewahi kusimama pale juu ya Mai Mahiu akaangalia chini atahisi kwamba yuko nyumbani. Ni jambo lile lile linalopasua Bonde letu la Ufa, tofauti ni kwamba lao linaendelea chini ya bahari kaskazini na kusini. Katika ufa huo wazee wa Iceland walianza kufanya bunge lao mwaka 930, kwenye mawe, bila paa. Hapo ndipo pia jamhuri ilipotangazwa Juni 17, 1944.

Siku hiyo hiyo utaziona chemchemi za Geysir, ambako ile iitwayo Strokkur hurusha maji ya moto juu kila baada ya dakika chache. Watoto hupiga mayowe, wazee nao hujifanya hawakushtuka. Usikanyage nje ya kamba zilizowekwa. Maji yaliyo chini ya miguu yako yanachemka.

Lakini kama ningeambiwa nichague mahali pamoja tu katika eneo hilo, ningechagua Gullfoss, na si kwa sababu ya maji peke yake. Mto Hvítá, unaotoka kwenye barafu ya Langjökull, huanguka hapo mita 32 kwa ngazi mbili na kutoweka ndani ya korongo jembamba, hata ukisimama juu waona kana kwamba ardhi imeumeza. Mwanzoni mwa karne ya 20 watu wenye mtaji kutoka ng'ambo walitaka kuyatumia maporomoko hayo kuzalisha umeme. Binti wa shamba la jirani, Sigríður Tómasdóttir, alikataa katakata.

Inasimuliwa kwamba alitembea mara nyingi hadi Reykjavík, mwendo wa zaidi ya kilomita 100, kwenda kupigania maporomoko hayo, na kwamba aliapa kujitupa ndani yake siku ambayo ujenzi ungeanza. Wakili aliyemsaidia, Sveinn Björnsson, ndiye aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa nchi hiyo. Kesi haikumwendea vizuri, lakini mradi wenyewe ulikufa, na sasa ni eneo lililohifadhiwa. Sura ya Sigríður imechongwa kwenye jiwe karibu na njia ya kushukia. Wageni wengi hulipita jiwe hilo mbio wakikimbilia kupiga picha. Wewe simama.

Ukirudi kwenye barabara nambari 1 na kushika njia ya mashariki, bahari iko kuliani na milima kushotoni. Utapita Seljalandsfoss, maporomoko ya mita 60 ambayo yana njia ya kupita nyuma ya maji (vaa koti la mvua), na Skógafoss yaliyo na urefu kama huo. Hayo ni mazuri, na yako kwenye kila kalenda.

Kati ya maporomoko hayo mawili, inua macho utazame mlima wa Eyjafjallajökull. Huenda jina limekushinda, lakini kama una jamaa aliyefanya kazi kwenye mashamba ya maua Naivasha, yeye anaujua mlima huo. Ulipolipuka Aprili 2010 ulitapika majivu juu angani, na kwa karibu wiki nzima ndege zikakosa kuruka katika sehemu kubwa ya Ulaya. Maua yetu yaliyokuwa yakisubiri ndege Nairobi yalioza na kutupwa, na vibarua wakaambiwa wakae nyumbani. Shamba lililo chini ya mlima huo lilifunikwa na majivu meusi, nalo sasa ni la kijani tena. Ng'ombe wanalala kwenye nyasi kana kwamba hakuna lililotokea.

Karibu na kijiji cha Vík kuna ufuo uitwao Reynisfjara, na hapa nataka mzazi asome kwa makini. Mchanga wake ni mweusi tititi, na nyuma yake kuna nguzo za mawe zilizopangika kama filimbi za kinanda cha kanisani. Ni pazuri mno. Ni pahali pa hatari pia. Mawimbi hutulia, yakaja madogo madogo mara tano au sita, kisha linafika moja kubwa linalopanda ufuoni kwa kasi na kumkumba mtu aliyedhani amesimama mbali. Likirudi, humvuta. Maji ni baridi mno na mkondo ni mkali, hata muogeleaji hodari wa Pwani hawezi kufua dafu. Watu kadhaa wamekufa hapo, na Agosti 2025 aliyechukuliwa alikuwa mtoto wa familia iliyokuja kutalii. Kuna taa ya onyo kando ya njia. Ikiwa nyekundu, tazama ufuo kutoka juu. Ikiwa ya kijani, mshike mtoto mkono, na usiyape maji mgongo kwa ajili ya picha.

Upepo nao ni adui ambaye sisi hatumjui. Kule unaweza kuung'oa mlango wa gari ukiufungua ovyo, na bima nyingi hazilipi hasara hiyo. Egesha gari likiuelekea upepo, kisha fungua mlango kwa mikono miwili.

Baada ya Vík barabara hukata katikati ya mawe yaliyofunikwa kuvu ya kijani, laini kama godoro, kilomita baada ya kilomita. Ni mawe yaliyotiririka yakiwa moto mwaka 1783 kutoka mahali panapoitwa Laki. (Laki hapa ni jina la mlima, si hesabu, ingawa mtu akisoma habari zake atadhani ni hesabu ya maafa.) Ardhi ilipasuka kwa mstari mrefu ikatoa moto kwa miezi minane. Gesi yenye sumu ikaua mifugo, njaa ikafuata, na takriban mtu mmoja katika kila watano nchini akafa. Katika kijiji cha Kirkjubæjarklaustur bado wanasimulia habari za kasisi Jón Steingrímsson, aliyehubiri huku mto wa moto ukikaribia kanisa lake. Mto huo ulisimama kabla ya kulifikia.

Kuvu hiyo usiikanyage, wala usiingize gari nje ya barabara. Ni kosa la jinai, na alama ya gurudumu hudumu miaka mingi kabla ya kufutika.

Kutoka hapo utaingia Skeiðarársandur, uwanda wa mchanga mweusi usio na nyumba wala mti. Ni hapa ambapo barabara nambari 1 ilikamilishwa, mwaka 1974. Kabla ya hapo mtu wa kusini mashariki aliyetaka kufika Reykjavík kwa gari alilazimika kukizunguka kisiwa karibu chote kupitia kaskazini, kwa sababu mito inayotoka chini ya barafu ya Vatnajökull ilikuwa haikubali daraja. Wahandisi wakajenga la mita 880, refu kuliko yote nchini, na taifa likasherehekea.

Mwishoni mwa Septemba 1996 volkeno ikalipuka chini ya barafu hiyo. Barafu ikayeyuka kutoka chini, na maji yakajikusanya pasipoonekana kwa mwezi mzima. Kila mtu alijua kwamba yatatoka. Barabara ikafungwa, watu wakangoja. Novemba 5 yakatoka: zaidi ya mita za ujazo 40,000 kila sekunde, yakibeba vipande vya barafu vikubwa kama nyumba. Daraja moja lilikwenda lote na lile refu likabomolewa sehemu. Hakuna aliyekufa. Barabara ilikuwa imefungwa, na watu walitii.

Vyuma viwili vya daraja lililobomoka vimeachwa kando ya barabara, vimekunjika kama waya wa kuanikia nguo. Shuka uviguse. Kisha angalia daraja lile refu lililotengenezwa upya baada ya gharika: limesimama juu ya mchanga mkavu. Barafu ya Vatnajökull inaendelea kurudi nyuma milimani kwa sababu ya joto la dunia, na mwaka 2009 mto wenyewe ukahamia upande wa magharibi ukaliacha daraja bila kazi. Tangu 2017 magari hupita kwenye daraja fupi lililojengwa kando. Walipigana na mto ule miaka na miaka, ukawavunjia, wakajenga tena, halafu ukaondoka.

Mbele kidogo ni Jökulsárlón, ziwa ambamo vilima vya barafu, vingine vya samawati na vingine vyenye mistari ya majivu, huelea vikielekea baharini. Sili huchungulia kati yake. Ni mandhari ambayo hata mtoto aliyechoka na safari hunyamaza. Lakini miaka mia moja iliyopita ziwa hili halikuwako, pote palikuwa barafu tupu. Upande wa magharibi wa nchi kuna mlima uitwao Ok ambao barafu yake ilitangazwa kuwa imekufa mwaka 2014, na mwaka 2019 watu wakapanda huko kuweka kibao cha kumbukumbu, kama mnavyoweka msalaba kaburini. Sisi tunaotazama Mlima Kenya kutoka Nanyuki, na wazee wakituambia jinsi barafu ya Lewis ilivyokuwa, hatuhitaji mkalimani.

Mashariki kuna milima inayoingia baharini kama vidole, barabara ikifuata kila kidole. Njia ni ndefu, ukungu ni mwingi, vijiji ni vichache. Jaza petroli kila upatapo kituo, na uwe na kadi yenye nambari ya siri, kwani vituo vingine havina mtu wa kukuhudumia.

Kaskazini utafika Mývatn, maana yake ziwa la visubi, na visubi wenyewe watahakikisha hukusahau jina. Karibu yake kuna Krafla, kituo cha umeme wa mvuke. Walianza kukijenga katikati ya miaka ya sabini, na mlima huo huo ukaanza kulipuka mwaka 1975, ukaendelea mara kwa mara hadi 1984. Hawakuhama. Mwanafunzi aliyepelekwa na shule yake Hell's Gate atashangaa, kwa kuwa mabomba, harufu ya yai bovu na mawingu ya mvuke ni yale yale ya Olkaria. Si bahati nasibu. Tangu 1979 Iceland imekuwa ikiwafunza wataalamu wa mvuke kutoka nchi nyingine, na Kenya ni miongoni mwa nchi zilizopeleka wanafunzi wengi zaidi. Karibu nusu ya umeme wetu sasa hutoka chini ya ardhi. Wao huyatumia maji hayo ya moto hata kupasha nyumba joto, na kila kijiji kina bwawa la kuogelea lenye maji vuguvugu.

Kuhusu mabwawa hayo, jitayarishe. Kabla ya kuingia ni lazima uoge kwa sabuni bila vazi lolote, mbele ya wenzako wa jinsia yako, na mlinzi akikuona unakwepa atakurudisha. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na kule wameifanya methali hiyo kuwa sheria.

Akureyri, mji mkubwa wa kaskazini, una taa nyekundu za barabarani zenye umbo la moyo, zilizowekwa baada ya benki za nchi kuanguka mwaka 2008 ili kuwachangamsha watu. Kulala na kula ni ghali popote utakapokwenda, kwa hivyo beba hema au tafuta nyumba yenye jiko, nunua nyama ya kondoo dukani na ujipikie. Maji ya bomba ni safi. Wanaonunua ya chupa wanapoteza pesa zao.

Kutoka Akureyri ni siku moja kurudi Reykjavík, kisha yabaki kilomita 50 hivi hadi uwanja wa ndege wa Keflavík. Kushotoni kwako, mbali kidogo na barabara, uko mji wa wavuvi wa Grindavík. Usiku wa Novemba 10, 2023 wakazi wake wote walihamishwa baada ya ardhi kutetemeka na kupasuka. Mwezi uliofuata moto ukatoka, Januari 2024 ukateketeza nyumba tatu, na Februari ukakata bomba la maji ya moto, maelfu ya watu katika eneo hilo wakabaki bila joto wakati wa baridi kali. Umelipuka mara kadhaa tangu hapo. Wahandisi wamejenga kuta za udongo kuugeuza, na barabara iliyofunikwa hujengwa upya juu ya mawe yenyewe, mengine yakiwa bado yanatoa mvuke. Kabla ya kukata kona kwenda kuona, sikiliza habari za siku hiyo. Huenda njia iko wazi. Huenda pia utakuta kibao chenye lile neno la tatu.